Homa imeshuka lakini docta anasema siku 14 ya dawa ku mushipa. Tunaweza kutoka mbele?

dada_kadutu

Jambo bote. Niko Bukavu, Kadutu. Naomba bale banajua mambo ya opitali banijibie haraka juu kesho jioni famiya inakutana na najua swali itakuwa paka moja: tunamutosha mugonjwa ao tunamuacha.

Ni mudogo yangu, kijana muzima, hana sukari, hana ugonjwa ingine. Alikuwa na jipu ku paja, likakamuliwa nyumbani, kisha siku kidogo homa ikapanda, baridi ya kutetemesha mupaka kitanda inatikisika, usiku akaanza kusema maneno ya kupotea. Kumufikisha opitali bakapima malaria, ikatoka pozitifu, bakaanza artesunati. Bahati docta mumoja mwanamuke aliinua shuka akaona ile paja, akasema malaria iko kweli lakini haiko peke yake, tuchukue damu ya hemokulturi (damu ya kuotesha mu labo juu ya kutafuta mikrobe) mbele antibiotiki haiyaingia. Bakavuta damu ku mukono wa kuume na wa kushoto, palepale bakamutundikia seftriaksoni (ni antibiotiki). Kisha labo ikatuma jibu: stafilokoki dore (mikrobe ya Staphylococcus aureus) ndani ya damu. Bakapasua jipu, ikatoka usaha mingi sana, bakabadilisha dawa, sasa iko ku kloksasilini, antibiotiki ingine, ku mushipa, kila saa sita, muchana na usiku.

Sasa homa imeshuka, anakula bugali, anasalimia bageni. Docta anasema hatutoki: siku 14 kwa uchache, na hesabu haianzie siku tuliingia, inaanzia siku ya hemokulturi ya kwanza itatoka safi. Kando yetu kulikuwa mama mumoja, naye mikrobe ku damu, yake ilitokea ku njia ya mukojo, yeye alimaliza siku 7 akaenda kwake anatembea. Ndiyo baba mudogo anasema banatukula pesa, kama ni ugonjwa moja mbona yule 7 na siye 14? Faktire inapanda kila asubui, mama aliisha kuuzisha mashini yake ya kushona.

Kuko mutu anaweza kunielezea vizuri? Si kunitisha, kunielezea. Na je tunaweza kumalizia na vidonge nyumbani?

---

infirmye_wa_usiku

Pole dada, na pole na kulala ku kiti, najua vile bagadi-malade (bale banalinda mugonjwa) banateseka. Mimi niko infirmye mu medesini interne hapa hapa Bukavu, ile maneno ya baba mudogo nayasikia kila wiki na simukatalii hasira, mutu anauzisha kitu ya kazi yake lazima aulize.

Lakini si ugonjwa moja. Mikrobe kuwa mu damu ni kusema tu mahali imefika. Kitu inapanga siku ni mikrobe gani, na kule ilitokea kama kumesafishwa. Yule mama, kama ni E. koli ya mukojo, ile mikrobe mara mingi damu inaisafisha upesi mugonjwa akiisha kupata dawa inaweza ile mikrobe. Stafilokoki dore haiko vile. Iko inanata. Inapita mu damu inatafuta fasi ya kukaa: valvu ya moyo, mufupa, mugongo, goti, wakati ingine mapafu. Homa inashuka, mugonjwa anacheka, na yenyewe iko kimya mu mufupa sawa mutu umefukuza ku mulango ya mbele na akajificha mu chumba ya nyuma. Kisha dawa ikikatika njo inatoka.

Ndiyo maana hesabu inaanzia ku hemokulturi safi. Baliisha kumukamata damu ya pili? Uliza. Kwa stafilokoki dore banapashwa kurudilia hemokulturi kisha siku 2 ao 3 ya dawa, kama ingali inaota basi kuko mahali imejificha na habari ya siku 14 imeisha, tunaenda ku wiki 4 mupaka 6. Ile ya kuangalia moyo na ekografi (mashini ya kupiga picha ya ndani) pia uliza, ni kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa mambo ya kitanda, juu hapa njo gadi-malade anasaidia kweli. Kila saa sita ni kila saa sita. Kloksasilini haikae mingi mu damu, ukiruka ile ya usiku wa manane mikrobe inapata saa ya kupumua. Kama saa imepita na hamujaona mutu, muamke mwende kumuita infirmye, bila aibu, usiogope atakasirika. Angalia fasi kateta (kale kamupira ka mu mushipa) iliingia: ikianza kuwa nyekundu, moto, mushipa kuwa ngumu sawa kamba ao kuuma wakati dawa inapita, sema palepale baitoshe baweke ku mukono ingine. Ile kateta yenyewe inaweza kuingiza mikrobe mupya ku mutu uliisha kupona. Na musiruhusu bageni bachezee ile kifungo ya seromu ati inaenda polepole, nimeona hiyo mara mingi mu saa ya bageni na inaniumiza roho.

---

mwana_bagira

Dada mimi nitakupatia njia ya masikini juu na mimi niko masikini. Kwetu Bagira kuko infirmye wa kartie anapitaka mu manyumba, unanunua seftriaksoni ku farmasi, gramu 2, mara moja kwa siku, anakupigia asubui mbele ya kazi, imeisha. Muzee wetu alitibiwa vile na alipona. Kloksasilini mara ine kwa siku njo inabafunga opitali, hiyo ya mara moja unalala kwako. Mutoshe mugonjwa mbele hamujakuwa na deni, juu deni ikipita kipimo hata kutoka batabakatalia, tunabajua.

---

labo_ibanda

@mwana_bagira ndugu yangu naelewa mahali unatokea, na hiyo ya kufungiwa juu ya deni ni jambo inaumiza sana mu inchi yetu. Lakini hiyo shauri ngoja niijibu juu inaweza kuua.

Mimi nafanya kazi mu labo. Seftriaksoni ni dawa nzuri, njo banaanzaka nayo wakati haijajulikana ni mikrobe gani, na kwa E. koli, nimokoki, meningite, inafanya kazi yake kama mikrobe haijaizoea. Kwa stafilokoki dore mu damu iko zaifu. Kama mikrobe inasikia kloksasilini, kloksasilini (ao sefazolini mahali iko) njo inaiua vizuri kupita seftriaksoni, na kupita hata vankomisini yenye batu banazania ni ya nguvu kwa sababu ni ya bei. Docta hakubadilisha dawa kwa kukula pesa, alibadilisha juu labo ilimuambia. Kwa kweli hiyo ni kazi safi, haionekane kila mahali kwetu: damu ikamatwe mbele ya antibiotiki, ku mikono mbili, kisha jibu ikifika dawa ifuate jibu.

Muzee yako wa Bagira, aliisha kufanyiwa hemokulturi? Ao ilikuwa Widal, ile kipimo ya tifoide? Juu hapa kwetu mutu akiwa na homa na Widal ikatoka na chembe kidogo anaambiwa ni tifoide, anapigwa seftriaksoni siku 5, anapona na hakuna anajua alipona nini. Widal haiwezi kukuambia mikrobe gani iko mu damu leo. Na tifoide yenyewe, ya kweli, inaota mu hemokulturi.

Juu ya mikono mbili: ni kwa sababu mbili. Kwanza damu ikiwa mingi mikrobe inaonekana, mu mutu mukubwa mikrobe mu mililita moja ya damu inaweza kuwa moja ao hata chini, njo maana kila chupa ya mukubwa inahitaji mililita 8 mupaka 10, chupa yenye damu ya kugusa tu ni kupoteza pesa. Pili, kuko bastafilokoki bengine banaishi ku ngozi, bakitoka mu chupa moja tu tunajua ni uchafu wa sindano, bakitoka ku mikono yote mbili tunaanza kuamini. Lakini stafilokoki DORE, hata ikitoka mu chupa moja, tunaichukua ni ya kweli. Hakuna docta mwenye akili anaicheza.

Na kwa malaria: mama wengi banazania kipimo ya malaria ikitoka pozitifu basi jibu imepatikana. Hapana. Kwetu mutu anaweza kutembea na vijidudu vya malaria na kile kinamulaza ni kitu ingine. Kwa batoto ni mubaya zaidi, mutoto mwenye malaria kali na damu imepunguka anaweza kuwa na salmonela mu damu wakati moja. INRB (labo ya utafiti ya serikali yetu) pamoja na bale ba Antwerp, Ubelgiji, bamefuata hemokulturi mu inchi yetu tangu 2007 na salmonela njo iko mbele kwa batoto. Kuko aina moja ya Salmonella Typhimurium ilielezewa 2019, ya kwetu Congo, haisikii tena hata seftriaksoni. Kwa hiyo hii mambo ya "mupige seftriaksoni tuone" inakwisha kila mwaka kidogo kidogo.

Dada, omba kopi ya antibiogramu, ile karatasi ya labo inaonyesha dawa gani inaweza mikrobe. Ile karatasi ichunge sawa karte d'elekteri. Mukihamishwa opitali, mugonjwa akirudi na homa, njo kitu ya kwanza docta atataka.

---

dada_kadutu

Asante sana, niliprinti majibu yenu nikamusomea mama. Antibiogramu nimeiona, kwa oksasilini (ndugu ya kloksasilini) wameandika S, ni kusema mikrobe inaisikia. Hemokulturi ya pili ilikamatwa jana, jibu haijafika. Ekografi ya moyo docta anaitaka lakini mashini ya pale imeharibika, wanasema twende ingine mahali.

Swali yangu ya vidonge haijajibiwa. Kaka yangu yuko Ufaransa anasema kule mutu hatakae opitali wiki mbili juu ya kupata dawa, banamupatia vidonge. Ni kweli?

---

docta_himbi

Dada, niko daktari hapa Goma, naandika nikiwa kwenye garde kwa hiyo nitaandika kwa vipande. Kaka yako hajadanganya, lakini amesema nusu.

Kuna utafiti unaitwa BALANCE, ulitoka mwisho wa 2024. Wagonjwa 3608 wenye bakteria kwenye damu, hospitali 74, nchi 7, nusu wakapewa antibiotiki siku 7 na nusu siku 14. Waliofariki ndani ya siku 90 walikuwa 14.5% upande wa siku 7 na 16.1% upande wa siku 14, yaani siku 7 hazikuwa mbaya kuliko 14. Yule mama wa kitanda cha kando alitibiwa kwa akili hiyo na ni vizuri, tusimuongezee mtu siku za bure. Ila ndani ya utafiti huo stafilokoki dore haikuingizwa kabisa. Waliitoa toka mwanzo. Hapo ndio jibu la baba mudogo lilipo: siyo kwamba daktari wenu ni mkali kuliko wa mama yule, ni kwamba ushahidi wa 7 haumhusu mdogo wako.

Sasa vidonge. Mwaka huohuo 2024 ulitoka utafiti mwingine, SABATO, huo ni wa stafilokoki dore peke yake. Wagonjwa walipata dawa ya mshipa siku 5 mpaka 7, kisha nusu wakahamia vidonge, nusu wakabaki kwenye mshipa, wote wakamaliza siku kama 14. Matatizo yalikaribiana pande zote mbili. Lakini angalia hili: waliangalia wagonjwa zaidi ya 5000 ili wapate 213 wanaofaa. Wengine wengi walikuwa na kitu kinachowatoa: hemokulturi ya pili bado inaota, kitu kwenye moyo, mfupa, valvu ya bandia, chuma mwilini, usaha ambao haujatolewa, na kadhalika.

Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari wenu siyo "tunaweza kutoka?" Muulize hivi: hemokulturi ya pili ikiwa safi, homa ikiwa haikurudi, paja likiwa limesafishwa na moyo ukionekana mzima, je, anaweza kuhamia kwenye vidonge baada ya siku kadhaa na kumaliza 14 nyumbani? Daktari anaweza kukubali, anaweza kukataa, na akikataa anaweza kuwa na sababu ambayo mimi kwenye simu siioni. Wengi tunapendelea mshipa mpaka mwisho, hasa mahali ambapo ekografi haipatikani, kwa sababu bila kuona moyo unakuwa unabahatisha. Ndio maana nakuomba ile ekografi msiiruke. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu wiki hii, zaidi ya dawa yenyewe, iwe hiyo.

Na akikubali vidonge, vichaguliwe na antibiogramu. Kotrimoksazoli kwa mfano inaingia vizuri mwilini kwa njia ya mdomo, ila dozi ya kazi hii siyo ile mnayoijua ya kuhara. Kloksasilini ya vidonge inafika kwenye damu kidogo sana, isiwe ndiyo mnayomalizia kwa sababu jina ni lilelile. Hili nalisisitiza kwa sababu farmasi watawauzia bila kuuliza.

Jambo la mwisho, mwambie daktari habari ya pesa. Mwambie wazi, mama ameuza mashine. Sisi madaktari tusipoambiwa tunaandika kama vile kila mtu ana mituele (bima ya afya). Nikiambiwa, naangalia ordonansi upya.

---

katuba_mama_mapacha

Jambo toka Lubumbashi. Mi si muganga, niko mama, niliisha kuikala opitali mingi. Niongeze bibili.

Mutoto wa shemeji yangu, miaka kumi na kitu, alikuwa na ile ile stafilokoki, balimutosha mbele juu homa ilikwisha na feza ilikwisha. Opitali ile ilibaachia bila kubaelezea kitu, karatasi ya kutoka ilikuwa na sinyatire tu. Kisha wiki kidogo akaanza kulia mugongo. Batu banasema ni mupira, anacheza sana. Kumbe ilikuwa mu mufupa ya mugongo. Alirudi kukaa opitali muda murefu kupita ule bangemaliza mara ya kwanza, na feza ilienda mara mingi kupita. Leo anatembea, tunashukuru, lakini mugongo yake haiyakuwa sawa. Kwa hiyo dada, hata ukimaliza siku yote, mutu wako akisema mugongo, ao nyonga, ao homa ya usiku ndani ya ile miezi ya kwanza, usimupake mafuta, umurudishe na ile karatasi.

Ya pili ni ya feza. Docta wa Goma amesema vizuri. Chukua faktire ukae na infirmye shefu, muulize mustari kwa mustari hii ni ya nini. Sisi tulikuta vitamini za sindano, seromu za sukari kwa mutu anakula na kunywa, dawa ya tumbo ya sindano, byote kila siku. Ile ya kuua mikrobe haikuwa hata nusu ya faktire. Shefu mwenyewe alikata mistari bila kugombana. Mutu anakula bugali hana lazima ya seromu ya sukari.

---

infirmye_wa_usiku

@katuba_mama_mapacha mama umesema ukweli mutupu, na hiyo ya seromu naikubali mbele ya bote. Kateta inabaki juu ya dawa, si juu ya kunyweshea maji mutu anajinywea mwenyewe. Kila mufuko bila kazi ni mulango moja zaidi wanafungua ku ile kateta.

@docta_himbi mimi nilikuwa nakatala vidonge kabisa kwa stafilokoki, hivi ndivyo tulifundishwa. Ile ya 213 ku 5000 imenifurahisha juu inaonyesha ni mulango ndogo lakini iko. Nitapeleka mu kikao yetu ya asubui.

---

mwana_bagira

Labo, asante kwa kunijibu bila kunitukana. Muzee alikuwa na Widal tu, ndiyo. Sasa swali: kama yule infirmye wa kartie anakuja kupiga kloksasilini nyumbani mara ine, dawa ya haki, haiwezekane?

---

labo_ibanda

Kwa mawazo inawezekana, kuko inchi banafanya vile na bainfirmye bao banatumwa na opitali yenyewe. Lakini ile kateta inabaki ndani muchana na usiku, nani anaiangalia? Dawa ya saa nane ya usiku Bagira, nani anapanda? Mugonjwa akipata aleji, akavimba koo, adrenalini iko wapi? Na damu ya kukontrole inaenda labo gani? Kama hayo yote iko na jibu, sawa. Kama haiko, kitanda ya opitali ni bei rahisi.

---

dada_kadutu

Niwape habari. Kikao ya famiya imefanyika. Nilimusomea baba mudogo ile ya docta wa Goma yote, na ile ya mutoto wa Lubumbashi ya mugongo, alinyamaza kisha akasema basi yeye atalipa ekografi. Docta wetu nilimuendea na ile swali vile mulinifundisha kuiuliza, hakukasirika, alivuta kiti akakaa. Alisema jibu ya hemokulturi ya pili ikitoka safi na ekografi ikiwa nzuri atafikiri habari ya vidonge kisha wiki moja ya mushipa, ikiwa moja ni mubaya hakuna mazungumzo. Seromu ya sukari aliikata palepale, na vitamini.

Jibu ya labo ilifika leo asubui: haijaota kitu, lakini banasema bangoje mupaka siku 5 mbele ya kuifunga. Docta anahesabu siku ya kwanza ni ile damu ilikamatwa. Ekografi ni juma tatu.

Swali ya mwisho: ku mukono kateta iko siku ya ine sasa, haiumi, haiko nyekundu. Tuombe baibadilishe?

---

infirmye_wa_usiku

Kama haiumi, haiko nyekundu, haivuje na plasta iko kavu, hakuna lazima ya kuitosha juu ya hesabu ya siku tu, lakini iangaliwe kila garde ikibadilika. Plasta ikilowa ao ikifunguka ibadilishwe palepale. Akienda kuoga funga mufuko wa plastiki juu. Na juma tatu ekografi ikiwa saa moja na saa ya dawa, omba bamupatie dawa kwanza njo mwende.